Kijana Mkatoliki na Ndoto ya Gari la Spoti: Kaa Kwanza, Piga Hesabu

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho kwenye semina zetu za vijana hatukigusi sana, lakini kwenye simu zetu tunakitazama kila siku: gari. Na sisemi gari lolote. Nasema lile la spoti. Subaru yenye turbo, bomba linalonguruma, rimu kubwa, imeshushwa chini mpaka inakaribia kulamba lami. Vijana wenzangu hapa Bariadi huniuliza, "Mwalimu, hivi mtu mwenye ajira ya kawaida anaweza kumudu ndinga kama ile?"

Sitajibu kama mtu aliyesoma kitabuni. Nitajibu kama mtu aliyelinunua. Niliendesha Subaru Impreza WRX kwa miezi 14. Leo sina gari, natembea kwa miguu na bodaboda kama zamani, lakini kila mwisho wa mwezi benki inanikata shilingi 225,000 kulipia gari ambalo sasa anaendesha mtu mwingine. Nimebakiza miaka minne na ushee ya makato. Kwa hiyo nisikilize vizuri, ndugu yangu, kwa sababu somo hili nimelilipia ada kubwa.

Neno la kutuongoza: Luka 14:28-30

Fungua Biblia yako usome mwenyewe. Yesu anaeleza habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo huketi kwanza na kuhesabu gharama, aone kama ana vya kutosha kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi, atashindwa kumaliza, na wote wanaomwona wataanza kumcheka.

Angalia neno "kuketi". Yesu hasemi mnara ni mbaya. Hasemi usijenge. Anasema kaa chini kwanza. Na tukumbuke kwamba hapo alikuwa akizungumzia gharama ya kumfuata Yeye. Maana yake mwanafunzi wa Yesu ni mtu anayejua kuhesabu. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati, na sikuketi.

1. Jinsi nilivyoingia

Nilizaliwa kijijini, wilaya ya Itilima, kwenye familia ya pamba na ng'ombe. Baba hakusoma, lakini alinisomesha kwa pamba. Msimu bei ikiwa nzuri tunacheka, msimu bei ikianguka ng'ombe mmoja anatoka zizini kwenda mnadani. Kwetu Usukumani unajua mwenyewe, ng'ombe ndiyo benki.

Nilipopata ajira ya ualimu na kupangiwa shule mjini Bariadi, baba alinipa kazi moja tu. Alisema, "Mwanangu, mimi nimekufikisha hapa. Mdogo wako akimaliza kidato cha nne, wewe utamshika mkono." Nikajibu, "Sawa baba." Mdogo wangu ni wa kike, ndoto yake ilikuwa uuguzi. Nilimwahidi mbele ya wazazi kwamba ada ya chuo ni juu yangu.

Sasa mshahara ukaanza kuingia, na mimi nikaanza kuangalia magari. Usiku nikirudi kutoka kwaya nalala na simu, naangalia video za Subaru. Mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye chuo alikuwa Mwanza na Altezza yake, kila Jumapili anapiga picha ameegemea mlango. Nikawa najiambia, mimi nimesoma kuliko yeye, nimekosa nini?

Siku dalali aliponipigia kwamba kuna WRX namba D inauzwa Mwanza kwa milioni 15.5, moyo ulishanunua kabla miguu haijafika. Nilikuwa na milioni 3.5 kutoka kwenye kikoba. Milioni 12 nikachukua mkopo wa mshahara, miaka saba. Ofisa mikopo aliniuliza ni wa nini, nikasema maendeleo. Yeye mwenyewe alitabasamu.

2. Hesabu ambayo sikuifanya

Hebu tuifanye sasa, kwa sababu wengi mtajikuta hapo hapo nilipokuwa.

Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 771,000. Ukitoa kodi, mfuko wa pensheni, bima ya afya, chama cha wafanyakazi, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, mkononi nilikuwa nabaki na kama 515,000. Ukitoa makato ya mkopo mpya, 225,000, inabaki 290,000. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi yangu ilikuwa 257,000. Kwa hiyo kwenye makaratasi nilikuwa salama, mkopo ukapita. Ndugu yangu, shika hili: benki kukukopesha si ushahidi kwamba unaweza kumudu. Ni ushahidi tu kwamba wao watalipwa.

Sasa ile 290,000. Kodi ya chumba Somanda 70,000. Chakula 100,000. Mafuta: gari lile mjini lilikuwa linakwenda kilomita nane kwa lita, na mimi kwa wiki nilikuwa natembea kama kilomita 100. Lita 12, na petroli ilikuwa inacheza karibu na elfu tatu kwa lita. Hiyo ni 36,000 kwa wiki, 144,000 kwa mwezi. Jumlisha: 314,000. Tayari nimepungukiwa 24,000, na bado sijanunua vocha, sijatoa sadaka, sijalipa zaka, sijamtumia mama hata mia.

Na hapo gari ni zima. Bima ndogo ni 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake. Injini ya turbo inataka oili nzuri na kubadilishwa kwa wakati, haijui kwamba leo ni tarehe 18 na mshahara bado. Ile injini ya Subaru silinda zake zimelala, si kila fundi anaijua. Nilikuwa nalipa mafundi wa hapa kujifunzia kwenye gari langu, kisha nalipeleka Mwanza kurekebisha walichofanya.

Kuna wanaosema, "Mimi sitanunua la mkononi, nitaagiza Japani, kule ni bei rahisi." Sawa, lakini ketini kwanza. Chukua mfano wa gari la zaidi ya miaka 10, injini ya cc 1,994, ambalo TRA imeliwekea thamani ya milioni 10 likiwa bandarini Dar es Salaam. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5. Inakuwa 12.5. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 ya uchakavu. Kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Piga mwenyewe: kodi inafika karibu milioni 10, sawa na gari la pili, kabla ya tozo ndogondogo, wakala wa bandarini, usajili na mafuta ya kulileta Bariadi. Na thamani inayotumika ni ile ya TRA, hata kama wewe ulinunua kwa bei ya chini. Viwango hubadilika kwa bajeti, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata dola moja.

Kitabu cha Mithali 22:7 kinatuambia kwamba anayekopa huwa mtumwa wa anayemkopesha. Mwezi wa tano niliuelewa mstari huo. Nilikwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Nikachukua 500,000, narudisha 650,000 ndani ya mwezi mmoja. Kadi yangu ya benki na namba ya siri akabaki navyo yeye. Mwalimu mzima, msomaji wa masomo ya Misa, mshahara wangu unatolewa kwenye mashine na mtu mwingine, mimi nimesimama pembeni nasubiri nipewe kilichobaki. Nje nimeegesha Subaru.

3. Siku gari lilipovutwa na ng'ombe

Mara ya kwanza kulipeleka nyumbani ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zinanyesha. Wenyeji wa Simiyu mnaijua ardhi yetu ya mbuga. Kiangazi inapasuka nyufa, masika inakuwa gundi. Lami inakufikisha mahali fulani tu, ukiingia ndani ni neema ya Mungu. Gari limeshushwa chini, mimi nimevaa miwani. Kama nusu kilomita kutoka nyumbani likazama. Kadiri ninavyokanyaga mafuta ndivyo linavyokaa.

Watoto walikuja kushangaa, kisha baba akaja na maksai wake wawili wa kulimia. Hakusema kitu. Akafunga mnyororo, akawapigia mluzi, maksai wakavuta, gari likatoka. Watu walicheka na mimi nikacheka, maana ilikuwa inachekesha kweli. Jioni baba akalizunguka lile gari, akagusa boneti, akaniuliza kwa utaratibu, "Mwanangu, hili huwa linazaa?"

Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Baba, gari halizai." Akasema, "Basi linakula tu." Akaenda kufunga ndama.

Mwezi wa kumi mdogo wangu akapata chuo. Wiki hiyohiyo turbo ikafa. Kifaa pamoja na ufundi, milioni 1.4. Nikachagua, na naandika neno hili kwa aibu: nilichagua turbo. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia asubiri kidogo, mambo yamebana. Akasema, "Haya kaka, usijali." Sikujua wa kumkopa tena, na ukweli ni kwamba wakopeshaji wote walikuwa wananijua.

Baada ya wiki mbili mama akanipigia kunisalimia. Kwenye mazungumzo akasema mdogo wako ameripoti chuo. Nikauliza ada imetoka wapi. Mama akanyamaza kidogo, akasema baba yako aliuza wale maksai.

Walewale walionivuta. Na ilikuwa mwezi wa kumi, mashamba yanasubiri kulimwa, Novemba watu wanapanda pamba. Mwaka ule baba alisubiri majirani wamalize ndipo aazime maksai. Alichelewa kupanda, akavuna kidogo. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonimaliza.

Kwenye Injili ya Marko 7:9-13 Yesu anawakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali ile wameiweka wakfu kwa Mungu. Ndugu yangu, wale walau walisingizia sadaka. Mimi nilisingizia turbo. Nilikuwa nasema nimejinunulia gari mwenyewe kwa jasho langu. Si kweli. Waliolinunua ni baba, mdogo wangu, na ng'ombe wawili.

4. Mwendo na amri ya tano

Kuna hesabu nyingine ambayo haiko kwenye mshahara. Barabara ya lami kutoka Mwigumbi kupita Maswa na Bariadi hadi Lamadi ni nzuri, imenyooka, na gari la turbo linakushawishi. Huwezi kununua gari la kukimbia halafu ukae kilomita 50 kwa saa kwenye vijiji, hata kama sheria inasema hivyo na faini ni 30,000. Jioni moja, karibu na Lamadi, nilikuwa kwenye 140, ndani nimewabeba wanakwaya watatu tunatoka kwenye jubilei. Kijana mchungaji wa ng'ombe, mtoto wa kama miaka tisa, akatokea kushoto akiwafuata ndama. Sijui nilipitaje. Aliyekaa mbele alianza kusali Salamu Maria kwa sauti na hakuacha mpaka tulipofika.

Wengi wetu tukifanya utafiti wa dhamiri kabla ya Kitubio, amri ya tano tunairuka. "Sijaua mtu." Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2290, inapofundisha juu ya kiasi, inawataja kwa pamoja walevi na wapenda mwendo wa kasi wanaohatarisha maisha yao na ya wengine barabarani, na inasema hatia yao ni nzito. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za dereva, na ya tano inakataza kulifanya gari kuwa chombo cha kuonyesha ubabe na nafasi ya kutenda dhambi. Mimi nilikuwa naungama hasira na uvivu wa kusali. Ile 140 sikuwahi kuiungama, mpaka siku ile.

5. Kijana aliyepewa kuchagua gari

Nilipokwenda kwa Padre, nilimweleza yote. Baada ya Kitubio tukakaa nje kwenye benchi, akaniuliza, "Ulitaka nini hasa? Kufika haraka?" Nikafikiri. Bariadi mjini ni dogo, hakuna mahali pa kufika haraka. Nikasema, "Padre, nilitaka nionekane." Akanipa kazi ya kusoma maisha ya Pier Giorgio Frassati.

Kijana huyu alizaliwa Torino, Italia, tarehe 6 Aprili 1901. Torino ndio mji wa Fiat. Baba yake alikuwa na gazeti kubwa la La Stampa, na baadaye akawa balozi wa Italia Berlin. Fedha ilikuwepo. Pier Giorgio alisomea uhandisi wa madini ili awe karibu na wachimbaji, alipenda kupanda milima, kucheka na kutaniana na marafiki. Hakuwa mtu wa kununa. Wanaosimulia maisha yake husema baba yake alimpa achague zawadi ya masomo: gari au fedha. Alichagua fedha, akawapa maskini. Mara nyingine nauli yake aliigawa, akarudi nyumbani mbio ili awahi chakula. Kwenye treni alipanda daraja la tatu, na alipoulizwa kwa nini, alijibu kwa utani kwamba ni kwa sababu daraja la nne halipo.

Alifariki tarehe 4 Julai 1925 kwa ugonjwa wa kupooza, akiwa na miaka 24. Siku ya mazishi barabara zilijaa maskini, na familia yake mwenyewe ikashangaa: hawakujua. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu, pamoja na Carlo Acutis.

Hapo nilisimama. Mimi nilitaka watu wa Bariadi wanione, nikanunua kelele ya bomba. Yeye hakuonekana hata na watu wa nyumbani kwake, na leo tunamwona kutoka Simiyu.

6. Kwa hiyo gari ni dhambi?

Hapana. Tusikosee hapa. Gari ni kazi ya akili aliyotupa Mungu. Linampeleka mama mjamzito hospitali, linampeleka Padre kigangoni. Hata kulifurahia gari zuri si dhambi. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Lamborghini ilimpa Papa Fransisko gari jeupe aina ya Huracán. Hakulitukana wala hakulipiga mawe. Alilibariki, akalitia saini, likapelekwa mnadani, na mwaka 2018 likauzwa kwa zaidi ya euro 700,000 ambazo zilikwenda kwenye kazi za huruma, zikiwemo nyumba za Wakristo waliofukuzwa kwao katika tambarare za Ninawi huko Iraki. Papa huyohuyo, Julai 2013, aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba anaumia akimwona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Alikiri gari linahitajika, lakini akawaomba wachague la kawaida, na wakitamani lile zuri wakumbuke watoto wanaokufa kwa njaa.

Kwa hiyo swali la kijana Mkatoliki si "naruhusiwa?" Wala si "nitaweza kulinunua?" tu. Mimi niliweza kulinunua. Swali ni hili: nikishalinunua, nitabaki huru kutimiza niliyoahidi? Hapo ndipo kumudu kunapopimwa. Nakupa vipimo vitano, vyote nilivifeli.

Kwanza, kipimo cha ahadi. Andika kwenye karatasi kila mtu uliyemwahidi kitu: mzazi, mdogo wako, mchumba, jumuiya, parokia. Kama gari litakufanya umpigie hata mmoja wao simu ya "subiri kidogo", bado hujaliweza. Yesu anataka ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37).

Pili, kipimo cha miezi sita. Kabla ya kununua, ishi kana kwamba unalo. Kila mwezi weka pembeni fedha ya mafuta, bima, oili na dharura ya fundi, usiiguse. Kama miezi sita imepita na fedha ipo, umudu wako ni wa kweli, na tayari una akiba. Kama mwezi wa pili umeichomoa, Mungu amekuokoa bure.

Tatu, kipimo cha deni. Mkopo wa miaka saba kwa kitu cha starehe ni kuuza ujana wako. Kopa kwa kitu kinachozaa, kama baba alivyosema. Na kausha damu usiisogelee kabisa, hata kwa gari la kazi.

Nne, kipimo cha mahali. Gari la chini kwenye udongo wa mbuga ni mapambo. Uliza barabara ya kwenu, uliza fundi yuko wapi, uliza vipuri vinatoka mji gani.

Tano, kipimo cha moyo. Jiulize: kama hakuna mtu hata mmoja angeniona nikiliendesha, hakuna picha, hakuna wa kunisifia, ningelinunua? Yesu alisema hazina yako ilipo ndipo na moyo wako utakapokuwa (Mathayo 6:21). Moyo wangu ulikuwa kwenye macho ya watu.

Ukivipita vyote vitano, nunua kwa amani, mwombe Padre alibariki, na siku ya kupeleka wagonjwa Misa ya Mafuta liwe la kwanza kufika.

7. Nilipo leo

Niliuza gari kwa milioni 9.5. Nililipa madeni ya mtaani na kuchukua kadi yangu. Nilinunua maksai wawili nikawapeleka nyumbani mwenyewe, na ada ya mdogo wangu ya mwaka wa pili na wa tatu nikailipa kabla sijapata wazo lingine. Zilizobaki ziliishia kwenye madeni madogo. Deni la benki likabaki palepale.

Nilipowafikisha wale maksai, baba aliwaangalia meno, akawapapasa mgongo, akasema, "Hawa ni wazuri." Basi. Msimu ule alilima kwa wakati. Mdogo wangu sasa yupo mwaka wa mwisho, na akinipigia simu naipokea mlio wa kwanza. Zamani nilikuwa naiacha inaita.

Bado nikiisikia Subaru inapita nageuka. Sijaponywa masikio. Lakini huwa nasema kasala kafupi, na kuendelea kutembea.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Katika familia yako, ni nani anayelipia bila wewe kujua vitu unavyosema umenunua kwa jasho lako?
2. Soma Luka 12:15. Je, ni kitu gani unachokitamani ili uonekane, si kwa sababu unakihitaji?
3. Mara ya mwisho kuungama, uligusa namna unavyoendesha pikipiki au gari? Kwa nini?
4. Kikundi chenu cha VIWAWA kinaweza kumsaidiaje mwenzenu aliyenaswa kwenye kausha damu bila kumwaibisha?

Sala

Ee Bwana Yesu, wewe uliyetembea kwa miguu Galilaya yote na ukaingia Yerusalemu juu ya punda wa kuazima, tufundishe kuketi kabla ya kununua. Utukumbushe ahadi zetu tunapozisahau. Uwape nguvu vijana waliofungwa na madeni, wasione aibu kuomba msaada. Uwalinde watoto wanaovuka barabara zetu, na utupe mguu mwepesi wa kukanyaga breki. Uwabariki wazazi waliotusomesha kwa jembe na ng'ombe. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Amina.

Mpendwa kijana, kama una mtu anayeongea na dalali usiku huu, mtumie somo hili kabla hajasaini. Tumsifu Yesu Kristo!